DNA ni moja mwili mzima, sasa mbona mate na damu vinatoa majibu tofauti?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Kaka yangu yuko Marekani, ana miaka 42. Alinunua kile kipimo cha umri wa mwili, akatema mate kwenye kichupa akatuma kwa posta, jibu likaja miaka 49. Akachanganyikiwa, akafanya kingine cha damu kwa kampuni nyingine, likaja 41. Wote wanasema wanapima metilesheni ya DNA. Mimi nilivyosoma sekondari DNA ni ileile kwenye kila seli, sasa nani anadanganya? Na je, mimi na yeye ni baba mmoja mama mmoja, hiyo metilesheni yetu inafanana? Mama anasema mimba yake aliibeba kipindi kile cha foleni na unga wa yanga, alikuwa anashinda njaa, inaweza kuwa ndo sababu?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu kwa mpigo, ntayajibu yote ila sio kwa mpangilio wako, maana la kwanza ndo limebeba mengine. Mwalimu wako wa baiolojia hakukosea, DNA ni ileile kuanzia unyayo hadi utosi, tukiacha makosa madogomadogo yanayotokea seli zikigawanyika. Metilesheni ni kitu kingine, ni alama ndogo za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA bila kubadilisha herufi zake, na hizo alama ndo hazifanani toka tishu moja hadi nyingine. Tena tofauti yenyewe ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: seli za ini lako, kwa upande wa metilesheni, zinafanana na za ini la Mjapani ambaye hujawahi kumuona kuliko zinavyofanana na seli za ubongo wako mwenyewe. Ukilishika hilo nusu ya swali lako imeshajijibu, na ntalirudia tena huko chini maana watu wengi wanalipita, wakiwemo wengine wenye digrii.

Alama yenyewe ni kitu kidogo mno, kaboni moja na haidrojeni tatu, kinaitwa kikundi cha methili. Kinakaa juu ya herufi C ya DNA, sitosini, na kwa binadamu karibu kila mara ni pale C inapofuatwa na G, ndo maana utakuta wanaandika CpG kila mahali. Kwenye jenomu yetu kuna sehemu za namna hiyo kama milioni 28, na kwenye seli nyingi asilimia 70 hadi 80 ya hizo zina alama, kwa hiyo kuwa na methili ndo hali ya kawaida, kutokuwa nayo ndo habari. Sehemu zilizo wazi mara nyingi ni pale jeni inapoanzia kusomwa, au zile swichi za mbali zinazoamua jeni iwake kwenye seli ipi, na alama zikijaa hapo jeni kwa kawaida inakaa kimya. Nasema kwa kawaida kwa sababu katikati ya jeni mambo yanageuka, jeni inayopiga kazi sana mara nyingi mwili wake wote umejaa methili, kwa hiyo mtu akikwambia tu kwamba methili inazima jeni akaishia hapo ujue amekupa nusu.

Wanaobandika ni vimeng'enya. DNMT3A na DNMT3B vinabandika alama mpya, DNMT1 kazi yake kubwa ni kunakili, yaani seli ikigawanyika kinapita kwenye uzi mpya wa DNA kikiangalia ule wa zamani una alama wapi na chenyewe kinaweka hapohapo, ndo maana seli ya ini inazaa seli ya ini na sio ya figo. Kuna na familia ya TET ambayo inasaidia kubandua. Na ukirudi mwanzo kabisa, mbegu na yai vikishakutana alama nyingi za baba na mama zinafutwa ndani ya siku chache, halafu kiinitete kinapojipachika kwenye mji wa mimba zinaanza kuandikwa upya, kila kundi la seli likishika njia yake, hili ngozi hili damu hili kongosho, linajiwekea za kwake. Vipo vipande vichache vinavyokwepa ufutaji, mfano eneo la jeni za IGF2 na H19, zinazohusika na ukuaji wa mtoto tumboni, ambako nakala ya baba na nakala ya mama zinabaki na alama tofauti maisha yote, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Mfano ambao huwa napenda kutumia ni jeni ya insulini. Kila seli yako inayo, hadi ya kidole cha mguu, lakini sehemu yake ya kuanzia iko wazi kwenye seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, na kwingine karibu kote imejaa methili. Ni tofauti ya uhakika kiasi kwamba watafiti wa kisukari aina ya 1 wanaitumia kutafuta seli beta zinazokufa: seli ikifa DNA yake inamwagika kwenye damu, sasa ukikuta kwenye damu kipande cha jeni ya insulini ambacho hakina methili unajua kimetoka wapi, hakina kwingine pa kutoka. Ujanja huohuo ndo unaotumika kwenye vipimo vipya vya saratani kwa damu. Mtu mzima mwenye afya DNA inayoelea kwenye damu yake, kwa utafiti uliochapishwa 2018, kama asilimia 55 inatoka kwenye seli nyeupe, 30 kwenye seli zinazotengeneza chembe nyekundu, 10 kwenye kuta za mishipa na kama 1 hivi kwenye ini, na yote haya waliyajua kwa kusoma metilesheni tu, kwa sababu herufi zenyewe ni zilezile, zisingewaambia chochote.

Sasa tofauti hizo ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2023 timu ya Hebrew University ya Jerusalem ilitoa atlasi ya metilesheni kwenye jarida la Nature, sampuli 205, aina 39 za seli, na cha maana zaidi walizichambua kwanza seli zikawa safi, hawakuchukua kipande cha tishu wakakisaga chote na mishipa yake ya damu na mafuta yake kama watu walivyokuwa wanafanya huko nyuma. Wakakuta seli za aina moja kutoka kwa watu tofauti zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99.5. Watu tofauti, miili tofauti, maisha tofauti, bado seli beta ni seli beta. Halafu ukiiachia kompyuta ipange seli zote kwa kufanana bila kuiambia majina, inazipanga kwa ukoo wa kwenye kiinitete, zile zilizozaliwa kwenye tabaka moja zinakaa pamoja hata kama sasa hivi kazi zao hazina uhusiano kabisa. Yaani seli ya mtu mzima bado imebeba alama za ilikotoka tumboni, miaka hamsini baadae. Mimi kwa kweli hili ndo naliona zuri kuliko yote kwenye fani hii, kuliko hata hizo saa za umri, yaani hesabu zinazokisia umri wa mtu kwa kusoma metilesheni, zinazopigiwa kelele.

Tishu nyingine zina vituko vyake. Ubongo ndo wa ajabu kuliko wote, kwenye nyuroni, yaani seli za neva, kuna methili nyingi hata kwenye C ambazo hazifuatwi na G, kitu ambacho kwenye damu ni kama hakipo, na zinajikusanya hasa baada ya mtoto kuzaliwa, kipindi kilekile nyuroni zinaunganishana kwa kasi. Kondo la nyuma lenyewe lina methili pungufu kwa maeneo makubwa mfululizo. Mbegu za kiume nazo zina mpangilio wao kivyao. Na ubongo wa nyuma, serebela, kwenye hizo saa za umri unaonekana mdogo kuliko tishu nyingine za mwili huohuo, hasa kwa wazee waliopita miaka 100. Kwa hiyo swali "metilesheni yangu ikoje" halijakamilika mpaka useme ya wapi.

Haya turudi kwa kaka. Hapa kuna jambo ambalo makampuni hayalisemi vizuri. Mate sio tishu moja. Ukitema kwenye kichupa unatema seli za utando wa shavu pamoja na seli nyeupe za damu, na uwiano wake unategemea mtu na hata siku, ukiwa na fizi zinazovimba seli nyeupe zinaongezeka. Damu nayo sio kitu kimoja, seli nyeupe zenyewe ziko za namna nyingi, kuna nyutrofili, limfosaiti za aina aina, monosaiti, na kila moja ina metilesheni yake. Mashine haipimi seli mojamoja, inapima wastani wa mchanganyiko. Ni kama sufuria la kande: ukiongeza maharage rangi ya sufuria zima inabadilika wakati hakuna punje hata moja ya mahindi wala harage lililobadilika rangi. Ndo hivyohivyo damu ya mtu aliyeamka na mafua, nyutrofili zimepanda, asilimia za metilesheni zimesogea kwenye maelfu ya sehemu, mtafiti asiyekuwa makini anaandika kwamba amegundua kitu kikubwa, kumbe amehesabu nyutrofili kwa njia ya gharama kubwa. Tangu 2012 kuna njia ya kimahesabu ya kukadiria uwiano wa seli kutoka kwenye data yenyewe halafu unausahihisha, na siku hizi ukipeleka makala bila kufanya hivyo wahariri makini wanairudisha, lakini tafiti nyingi za zamani zilizojaa mitandaoni hazikufanya.

Na hili linatugusa sisi hasa. Waafrika wengi kusini mwa Sahara tuna aina ya jeni ya Duffy ambayo chembe zetu nyekundu hazina ile protini ya nje, na ndo inayotukinga na malaria ya vivax. Jeni hiyohiyo inafanya nyutrofili kwenye damu ziwe chache kuliko za Wazungu, na sio ugonjwa, ni hali yetu ya kawaida. Sasa piga picha mtu analinganisha metilesheni ya damu ya Mwafrika na ya Mzungu bila kusahihisha uwiano wa seli, atakuta tofauti kibao na ataanza kuzitafutia maelezo ya msongo wa mawazo, lishe, mazingira, sijui nini, wakati sehemu ya hizo tofauti ni Duffy tu. Kaka yako akipimwa kwa saa iliyotengenezwa zaidi kwa damu za watu wa asili ya Ulaya hilo nalo lipo mezani, na sijui ni kampuni ngapi zinamwambia mteja.

Kuhusu saa zenyewe. Ya kwanza iliyotikisa dunia ni ya Steve Horvath wa UCLA mwaka 2013, alichukua data za sampuli kama 8,000 za aina 51 za tishu na seli, akapata sehemu 353 za CpG ambazo ukizipigia hesabu zinakupa umri wa mtu kwa kukosea kama miaka 3.6 kwa wastani wa kati. Hiyo ilitengenezwa makusudi ifanye kazi kwenye tishu nyingi, na bado hata yenyewe titi la mwanamke lilionekana zee kuliko tishu nyingine. Mwaka huohuo Hannum na wenzake walitoa ya damu peke yake, sehemu 71 tu. Baada ya hapo zikaja nyingine nyingi, PhenoAge 2018, GrimAge 2019, ambazo hazikufundishwa kubashiri umri wa kuzaliwa bali hatari ya kuugua na kufa, na nyingi zimefundishwa kwa damu. Ukichukua saa ya damu ukaipa mate itatoa namba, kompyuta haikatai, ila hiyo namba maana yake ni nini hapo ndo penye kazi.

Halafu kuna kelele za kipimo chenyewe, tena hapa naomba kaka asome mwenyewe. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba sampuli ileile, ikipimwa mara mbili, kuna saa zinazoweza kutofautiana hadi miaka 9. Sampuli moja, mtu mmoja, siku moja. Kaka yako katoka 49 kaja 41, tofauti ni 8, tena sampuli za aina mbili na kampuni mbili na yawezekana saa mbili tofauti kabisa. Zipo njia mpya za kupunguza hizo kelele na kampuni nzuri zinazitumia, lakini ukiniuliza mimi, zile namba mbili hazipingani hata kidogo. Hakuna aliyedanganya kuhusu metilesheni, kosa lao ni kuuza namba moja nzima bila kuweka ukubwa wa mashaka yake pembeni.

Swali la pili, wewe na yeye mnafanana? Sana, kwa sababu ile niliyoitaja juu, seli ya aina moja ni karibu sawa kwa binadamu wote. Ila kwenye kile kidogo kinachobaki ndo kuna mambo. Cha kwanza ni jeni. Kuna herufi za DNA ambazo ukiwa na A mahali fulani basi CpG ya jirani inakaa na methili, ukiwa na G inakaa wazi, na utafiti mmoja mkubwa wa 2021 wenye watu zaidi ya 32,000 ulikuta uhusiano wa namna hiyo kwa CpG karibu nusu ya zile walizozipima kwenye damu. Wewe na kaka mmegawana kama nusu ya tofauti za wazazi, kwa hiyo kwenye sehemu hizo mtafanana kuliko watu baki. Ila usifikiri ni urithi mtupu, ukichukua wastani wa CpG zote kwenye damu, kurithi kunaeleza kama asilimia 20 tu ya tofauti kati ya watu, kuna sehemu inaeleza karibu yote na kuna sehemu haielezi chochote. Wanawake na wanaume nao wanatofautiana, mwanamke ana kromosomu X mbili na moja inazimwa kwenye kila seli, methili ikiwa mojawapo ya kufuli zake, kwa hiyo kama wewe ni mwanamke, hapo wewe na kaka hamuwezi kulingana.

Niongeze kitu cha kiufundi hapa maana kinaumiza tafiti za Afrika. Njia ya kawaida ya kusoma metilesheni ni kuichovya DNA kwenye bisalfaiti, C isiyo na methili inageuka na inasomwa kama T, yenye methili inabaki C. Ni ujanja mzuri, una miaka zaidi ya 30. Lakini je, kama mtu kazaliwa na T pale mahali badala ya C? Mashine inasoma T inasema haina methili, wakati ukweli ni kwamba hata C yenyewe haipo. Na mabadiliko ya C kuwa T kwenye CpG ndo ya kawaida kuliko yote, kwa sababu C yenye methili ikiharibika inakuwa T moja kwa moja. Watu wa Afrika ndo wenye tofauti nyingi zaidi za herufi duniani, na chipu nyingi za kupimia metilesheni zilichorwa kwa kuangalia zaidi jenomu za wengine, kwa hiyo unaweza ukaona tofauti kubwa ya metilesheni kati ya ndugu wawili kumbe mmoja karithi T kwa mzazi na mwenzie hakuirithi.

Mapacha wa kufanana ndo wanatusaidia kutenganisha. Mwaka 2005 timu ya Hispania ilipima jozi 40 wenye umri wa miaka 3 hadi 74, wadogo walikuwa karibu hawatofautiani, wakubwa walitofautiana, na zaidi wale walioishi mbalimbali. Utafiti ule umenukuliwa mpaka umechakaa, ila ukumbuke walilinganisha mapacha wadogo na mapacha wengine wakubwa, hawakuwafuata walewale miaka yote, na mambo ya uwiano wa seli kipindi kile hayakuwa yanaangaliwa kama leo, na ukizeeka uwiano wa limfosaiti unabadilika vilevile. Kuna kingine cha 2021 ambacho kwangu kinavutia zaidi, mapacha wa kufanana wana alama za pamoja kwenye metilesheni zinazobaki hadi utu uzima, kiasi kwamba unaweza kupima mtu mzima ukabashiri kama alianza maisha kama pacha wa kufanana, hata kama mwenzie alipotea tumboni mapema na mama hakujua.

Kingine ni maisha. Sigara ndo mfano ulio wazi kuliko yote, kuna sehemu kwenye jeni ya AHRR ambayo kwenye damu ya mvutaji methili inashuka sana, inashuka kwa kadri anavyovuta, na akiacha inapanda polepole kwa miaka. Ni ya uhakika kiasi kwamba mtu akisema havuti unaweza kumcheki. Kwa watoto waliozaliwa na mama mvutaji inaonekana vilevile. Unene nao unaonekana, ila utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba kwa sehemu kubwa unene ndo unabadilisha metilesheni na sio kinyume chake, kitu ambacho wanaouza vidonge vya "kurekebisha methili upungue kilo" hawapendi kukisikia.

Sasa la mama. Naomba ulisome taratibu kabla hujampigia simu.

Utafiti unaofanana na swali lako zaidi ni wa Uholanzi, ile njaa ya 1944 na 1945 Wajerumani walipozuia chakula. Watu 60 ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa walipimwa miaka kama sitini baadae, wakalinganishwa na ndugu zao wa jinsia moja waliozaliwa kabla au baada, na kwenye IGF2 walikuwa na methili pungufu. Lakini angalia ukubwa wake: kutoka asilimia 51.5 kwenda 48.8. Pointi chini ya 3, na ni wastani wa kundi, ukichukua mtu mmoja ukampima huwezi kujua alikuwa upande gani. Tena waliokuwa na njaa mwishoni mwa mimba hawakuonyesha hiyo tofauti, ilikuwa ni wale wa siku za mwanzo kabisa.

Kuna na Gambia, vijiji vya jirani na Keneba, ambako chakula na kazi za shamba vinabadilika sana kati ya masika na kiangazi. Watoto ambao mimba zao zilitungwa masika walikuwa na methili nyingi zaidi kuliko wa kiangazi kwenye sehemu fulani maalumu, na ilihusiana na virutubisho kwenye damu ya mama kipindi cha kutunga mimba. La kushangaza, masika ndo kipindi cha njaa kule, akiba imeisha, lakini kina mama wanakula mboga za majani zaidi na folati inapanda. Kwa hiyo "njaa" peke yake haikwambii kitu, inategemea kilichokosekana na kilicholiwa. Cha pili, waliona alama hizo kwenye damu na kwenye nywele pia, tishu mbili zisizo na ukoo mmoja, maana yake ziliwekwa mapema sana kabla tabaka za kiinitete hazijaachana. Sehemu za aina hii ambazo zinatofautiana kati ya watu lakini ndani ya mtu mmoja zinalingana kila tishu zimeshaorodheshwa, mwaka 2019 timu ya Texas ilipima tezi ya shingo, moyo na ubongo wa watu 10 ikapata kama 9,900. Hizo ndo pekee ambazo ukipima damu unaweza kusema kitu kuhusu ubongo kwa ujasiri kidogo. Nyingine zote kupima damu ukazungumzia ubongo ni kubahatisha.

Karibu na kwetu kuna ule wa Goma, mashariki ya Kongo, uliotoka 2012, kina mama 25 na vichanga vyao, wengi wamepitia vita na ukatili, na msongo wao ulihusiana na metilesheni ya jeni NR3C1, ya kipokezi cha homoni ya msongo, kwa mtoto na uzito wa kuzaliwa. Na wa 2014 wa kina mama wa Rwanda waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari, 25 nao, na watoto wao, jeni hiyohiyo. Nawaheshimu waliozifanya, ni kazi ngumu sehemu ngumu. Ila 25 ni wachache, na damu ya kitovu, ndo iliyopimwa kwa vichanga wa Goma, ina seli nyekundu changa ambazo bado zina kiini, zina metilesheni yake ya pekee, na zinaongezeka mtoto akikosa hewa tumboni. Umeona tumerudi kwenye kande? Kwa hiyo mimi nachukulia hizo kama dalili za kufuatiliwa, sio kama ushahidi wa kumwambia mama yeyote kwamba shida zake zimeandikwa kwenye DNA ya mwanae.

Kwa hiyo mwambie mama hapana. Hakuna kipimo leo kinachoweza kumchukua mtu mmoja wa miaka 42 kikasema hii 49 imetokana na unga wa yanga, na hata kama mimba ile iliacha alama, basi ni ya pointi mbili tatu kwenye sehemu chache, haiwezi kumzeesha mtu miaka saba kwenye mate halafu ikampunguzia mmoja kwenye damu.

Kaka kama anataka kuendelea, na najua ataendelea maana ameshaonja, basi achague damu, akae na kampuni moja na saa ya umri moja, apime muda uleule wa siku kwa sababu uwiano wa seli nyeupe unapanda na kushuka ndani ya siku, asipime akiwa na mafua au wiki ya chanjo, na aangalie mwelekeo wa miaka sio namba ya siku moja. Awaulize mambo mawili kwa maandishi: saa yao imefundishwa kwa sampuli ya aina gani, na je wanasahihisha uwiano wa seli. Wakijibu kwa maneno matamu bila jibu, aachane nao. Vidonge vya kushusha umri wanavyouza pamoja na kipimo asinunue kabisa. Na baadhi ya kampuni zinampa mteja faili ghafi la data yake akiliomba, kama ya kwake inatoa mwambie alichukue, aliyezoea kazi hizi anaweza kukadiria humo ni nyutrofili kiasi gani na seli za shavu kiasi gani, na mimi nina shaka sana kwamba yale mate ya 49 yalikuwa na seli za shavu nyingi kuliko saa yao ilivyozoea.